Unataka kuingia uongozi wa bodi ya chama cha urejelezaji kwa kujitolea? Anza na karatasi

Mara yangu ya kwanza kuomba nafasi ya bodi niliandika ukurasa mzima na nusu kuhusu ninavyoumia nikiona chupa zimeziba mitaro, na kuumia naumia kweli wala sikudanganya, ila jibu lilikuja mistari mitatu: asante, tumepata waombaji wengi, karibu mwakani. Nikanuna. Miaka miwili mbele nikajikuta nimekaa upande wa pili wa meza, kamati ya uteuzi, nasoma maombi ya wenzangu, na karibu yote yalikuwa ni barua yangu ileile, mitaro ileile, kasa yuleyule mwenye mrija puani, watoto wetu watarithi nini. Na wakati huo mweka hazina wetu alikuwa anaondoka ndani ya miezi miwili na hamna aliyeandika hata sentensi moja kwamba anajua kusoma mizania, isipokuwa mmoja. Barua yake ilikuwa fupi kuliko zote. Alisema amefunga hesabu za ushirika wa akiba na mikopo kwa miaka sita, mambo ya taka hayajui vizuri, atajifunza. Tukamchukua yeye, na hakuna aliyebisha.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu ambaye mapenzi ya mazingira tayari anayo, sasa anataka kiti: mjumbe wa bodi, mwenyekiti wa kamati, katibu, mweka hazina, makamu, hadi mwenyekiti. Hazilipwi hizi nafasi, lijue hilo mapema na umwambie na wa nyumbani kwako.

Hatua ya 1: Jua kwanza unaomba nini

Watu wengi wanachanganya bodi na kujitolea kwa kawaida. Ukijitolea kuchambua maboksi Jumamosi, umefanya kazi umemaliza umeenda zako. Mjumbe wa bodi kazi yake ni kuajiri na kumsimamia mkurugenzi mtendaji, kupitisha bajeti, kupitisha sera, na chama kikishtakiwa au kikifilisika yeye ndo anaulizwa alikuwa wapi. Kisheria kuna nchi, kama Marekani, wanazungumzia wajibu wa aina tatu: uangalifu, yaani umesoma kabla ya kupiga kura, uaminifu, yaani maslahi ya chama yanatangulia ya kwako, na utii kwa katiba na madhumuni ya chama. Kutolipwa hakukuondolei hata mmoja kati ya hiyo mitatu.

Alafu kuna bodi na bodi. Kuna bodi ya ushauri ambayo haina kura, jina kubwa kazi ndogo, sio mbaya kwa kuanzia. Kuna bodi ya chama kikubwa chenye wafanyakazi, pale unasoma makabrasha na kuuliza maswali. Na kuna bodi ya kachama kadogo kasiko na mfanyakazi hata mmoja, pale mweka hazina ndo anaandika hundi mwenyewe na katibu ndo anafungua mlango. Ukiingia hiyo ya tatu ukidhani ni ile ya pili utakimbia mwezi wa pili.

Angalia pia chama chenyewe ni cha aina gani maana kwenye urejelezaji wako wengi na hawafanani. Vyama vya wanataaluma wanachagua viongozi kwa kura za wanachama, so lazima uwe mwanachama uliyelipa ada, na mara nyingine uwe umekaa muda fulani. Mashirika ya elimu na uhamasishaji mara nyingi bodi yenyewe ndo inachagua wajumbe wapya, hapo unaomba kwa barua. Ushirika wa waokota taka ni wa waokota taka wenyewe, bodi inatoka kwao, na kama wewe si mmoja wao usiende kugombea, nenda uombe kuwasaidia hesabu au mikataba. Alafu kuna mashirika yanayoundwa na wazalishaji kubeba wajibu wa vifungashio vyao, wazo ambalo mtafiti Thomas Lindhqvist aliliandika Sweden mwaka 1990 na Ujerumani ikaliingiza kwenye kanuni yake ya vifungashio 1991. Kule viti vingi vinashikwa na makampuni yanayolipa, mtu wa kujitolea anapata upenyo kama katiba yao ina kiti cha mjumbe huru. Usipoteze miezi mitatu kuomba mahali ambapo kiti cha kwako hakipo.

Na hili la vyeo: mara nyingi huwezi kuruka moja kwa moja hadi uenyekiti. Kuna vyama ambavyo makamu anapanda kuwa mwenyekiti mwaka unaofuata na baada ya hapo anabaki mwenyekiti mstaafu mwenye kura, kwa hiyo unapogombea umakamu "wa mwaka mmoja" ujue umesaini miaka mitatu. Soma katiba yao, kipengele cha viongozi, kabla hujamwambia mtu yeyote.

Hatua ya 2: Zisome karatasi zao, hasa za fedha

Hii hatua ndo inayokutofautisha na wengine wote na ndo wanaoiruka wote. Tafuta katiba, ripoti za mwaka, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na kumbukumbu za vikao kama wanazitoa. Kama hazipo mtandaoni muulize katibu kwa adabu. Chama kisichotaka kumwonyesha mtu anayetaka kuwa mjumbe hesabu zake kimeshakujibu.

Ukishazipata usianze na faida na hasara, anza na swali moja tu: pesa zinatoka wapi? Zipo njia kama nne, ada za wanachama, ruzuku, mkataba na serikali ya mji, na mauzo ya malighafi, yaani marobota ya maboksi, plastiki, makopo. Kama sehemu kubwa inatoka kwenye mauzo basi hicho chama kinaishi kwa bei ambayo hakiipangi. Mwaka 2017 China iliwaarifu wenzake wa Shirika la Biashara Duniani kwamba itazuia aina 24 za taka kuingia nchini, ikaanza 2018, na ikaweka kiwango cha uchafu kisichozidi asilimia 0.5 kwa zile zilizobaki. Marekani, Ulaya, Australia, watu waliokuwa wanauza bila shida wakabaki na marobota yamepangwa hadi darini, mengine yakaishia dampo au kwenye tanuri. Baada ya hapo ikaja Mei 2019, nchi za Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti taka hatarishi zinazovuka mipaka, zikakubaliana kwamba plastiki mchanganyiko na chafu hazivuki mpaka bila nchi inayopokea kuridhia kwanza, na hilo likaanza kufanya kazi Januari 1, 2021.

Kwa nini nakuambia yote haya? Sababu hesabu za miaka ile ndo zinakuonyesha bodi ilikuwa macho au imelala. Chukua hesabu za 2017, 2018 na 2019 za chama chochote kilichokuwepo, ziweke pembeni kwa pembeni. Waliokuwa na akiba waliyumba wakasimama. Wasiokuwa nayo utaona mkopo, utaona wafanyakazi wamepungua, au utaona ukimya tu kwenye ripoti ya mwaka, picha za watoto wanapanda miti. Ukienda kwenye usaili ukauliza "mwaka 2018 mlipitaje?" watu wanakaa sawa kwenye viti, nakuhakikishia.

Vingine vya kuangalia haraka haraka: akiba inatosha miezi mingapi ya matumizi, pesa za miradi zilizofungwa kwa kazi maalum zimetenganishwa au zimechanganywa na za kawaida, mkaguzi aliandika barua yoyote ya tahadhari, na mfadhili mmoja anabeba asilimia ngapi.

Hatua ya 3: Nenda ukaguse vitu vyenyewe

Huwezi kukaa bodi ya urejelezaji hujawahi kusimama kwenye mkanda wa kuchambua. Omba siku moja. Vaa viatu vya kufunika.

Mimi siku hiyo nilipangwa karibu na mzee mmoja aliyekuwa anachambua chupa angavu, sijui amefanya miaka mingapi ile kazi, mikono inaenda yenyewe. Nikatupa chupa kwenye kapu lake la PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda, akaitoa. "Mwanangu hii sio." Nikaangalia, naona inafanana kabisa na zingine. Akachukua mbili akazigeuza chini: moja ina kitone kidogo katikati ya kitako, nyingine ina mstari umekatiza kitako kama mdomo umefumbwa. Akazikunja. Yenye kitone ikakunjika ikarudi, yenye mstari ikabaki na alama nyeupe pale ilipokunjika. "Hii ni PVC, ukiichanganya hawa wanaonunua wanarudisha mzigo." Na kweli, PVC, plastiki ileile ya mabomba, inaanza kuungua kwenye joto ambalo PET ndo kwanza inayeyuka, inatoa asidi, inaacha madoa ya njano na kahawia kwenye mzigo mzima. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye kitabuni, yeye alinionyesha kwa sekunde kumi.

Ile siku imenisaidia kwenye vikao kuliko semina zote. Mkurugenzi akisema "wanunuzi wanasumbua" unaweza kuuliza wanasumbua nini, unyevu kwenye maboksi, au PVC kwenye PET, au kioo cha jikoni kinachohimili moto kimechanganywa na chupa. Ni majibu tofauti na gharama tofauti.

Ya msingi uyajue bila kuwa mtaalamu: namba ndani ya pembetatu chini ya plastiki, 1 hadi 7, zilianzishwa Marekani 1988 kuonyesha aina ya plastiki, hazijawahi kuwa ahadi kwamba kitu kitarejelezwa. 1 na 2, yaani PET na HDPE (ile ngumu ya madumu), ndo zenye soko la uhakika zaidi, 5, ya vifuniko, inafuata, 6, ya vikombe na masanduku ya povu, ni kichwa kuuma. Alumini kuirejeleza kunaokoa kama asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye udongo wake, ndo maana makopo hayakosi mnunuzi. Nyuzi za karatasi zinafupika kila mzunguko kwa hiyo karatasi haizunguki milele. Kioo kinayeyushwa mara zisizo na idadi ila ni kizito na bei yake ndogo, usafiri unaweza kula kila kitu. Betri za lithiamu zikiingia kwenye mashine ya kubana zinawasha moto, na moto ndo unaopandisha bima ya kituo. Na utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015, ni kama asilimia 9 tu zilizorejelezwa. Hiyo namba utarushiwa usoni na mwandishi wa habari siku moja ukiwa mwenyekiti, bora uizoee.

Hatua ya 4: Ingia kwa mlango wa kamati

Bodi nyingi zina kamati, na kamati nyingi zinaruhusu mtu asiye mjumbe wa bodi kukaa humo. Huo ndo mlango. Wanakuona unavyofanya kazi kabla hawajakupa kura, na wewe unawaona kabla hujajifunga.

Chagua kamati ambayo watu hawaipendi. Ya matukio na uhamasishaji imejaa, kila mtu anataka kupiga picha na kapu la kijani. Ya fedha, ya ukaguzi, ya katiba na kanuni, hizo zina viti vitupu na ndo zinazokaa karibu na bodi. Mimi niliingia ya fedha nikiwa sijui hesabu za kiofisi kabisa, nikajitolea kufanya kitu kimoja: jedwali linaloonyesha kila mwezi tumeuza tani ngapi za nini, kwa bei gani, na mizigo mingapi imerudishwa kwa uchafu. Lilikuwa jedwali la kawaida tu la kwenye kompyuta. Bodi ikaanza kulisubiri. Kufikia mwaka unaisha jina langu linatajwa kwenye vikao ambavyo mi mwenyewe siko.

Kitu kimoja kidogo ukimalize kwa wakati kila mwezi, inatosha. Usiahidi tovuti mpya. (Kila mtu mpya anaahidi tovuti mpya, sijui kwa nini.)

Na kama huna mtu unayemjua ndani, mwandikie katibu imeli fupi: nani wewe, unaweza nini, saa ngapi kwa mwezi, kamati gani. Ila wiki ya Machi 18 muache, ni Siku ya Kimataifa ya Urejelezaji na hana hata muda wa kula.

Hatua ya 5: Tafuta pengo lao

Muulize mwenyekiti wa kamati ya uteuzi maswali mawili. Nani anamaliza muda lini? Na mnatafuta mtu wa aina gani? Bodi zilizojipanga zina jedwali la ujuzi, majina upande mmoja, ujuzi upande mwingine, alama za vema katikati, na safu iliyo tupu ndo tangazo lao la kazi hata kama hawajalitangaza.

Kwenye urejelezaji pengo huwa linajirudia. Wahandisi wapo, walimu wa mazingira wapo, watu wa makampuni ya taka wapo kupita kiasi. Anayekosekana ni mhasibu, mwanasheria wa mikataba, mtu wa usalama kazini, mtu anayejua kuandika maombi ya ruzuku, na mtu aliyewahi kuokota taka kwa mikono yake. Huyo wa mwisho vyama vingi vinamsema kwenye hotuba na hakuna kiti anachokalia, kama ni wewe basi omba bila aibu na usikubali wakuite "mwakilishi" asiye na kura.

Sasa jiangalie. Unafanya kazi gani siku zote? Muuguzi anajua kuhusu sindano na taka hatarishi. Dereva anajua njia na mafuta. Mtu wa ghala anajua kwamba mzigo uliokaa ni pesa iliyolala. Hapo ndo pa kuanzia barua.

Hatua ya 6: Andika maombi

Wasifu kurasa mbili zisizidi, na juu kabisa weka vitu vya bodi, kamati, uweka hazina wa kikundi chochote, hata cha msikitini au kanisani au cha wazazi wa shule, hivyo vyote ni uongozi na watu wanavificha chini kama aibu. Wadhamini wako wawe watu waliokuona kwenye kikao, sio bosi wako mkubwa ambaye hajui unavyobishana.

Barua yenyewe au maelezo ya mgombea, maneno 150 hadi 200 yanatosha isipokuwa wamesema vingine. Mfano:

*Ndugu Katibu, naomba nafasi ya mweka hazina inayobaki wazi mwezi wa sita. Niko kwenye kamati ya fedha ya chama tangu mwaka jana, ambako nilitengeneza jedwali la mauzo ya marobota kwa kila aina ya malighafi ambalo bodi inalitumia kwenye vikao vyake. Kikazi mimi ni mhasibu wa ghala. Nikichaguliwa, mwaka wa kwanza nataka chama kiwe na akiba ya miezi mitatu hata soko likisimama, na taarifa ya fedha iwe ya ukurasa mmoja ambao kila mjumbe anausoma mwenyewe. Natoa saa nane kwa mwezi na vikao vya jioni vinanifaa. Natangaza kwamba mwajiri wangu anauza maboksi chakavu kwa mnunuzi anayenunua pia kwa chama. Sitashiriki uamuzi wowote unaomhusu mnunuzi huyo.*

Ona hamna kasa humo. Kuna nafasi iliyotajwa kwa jina, kitu kimoja kilichofanyika, kitu kimoja kitakachofanyika, saa, na siri imetolewa nje kabla haijafukuliwa. Kama unataka kuweka mapenzi yako weka sentensi moja, na iwe ya kwako peke yako, kitu ulichokiona wewe.

Hatua ya 7: Mgongano wa maslahi, useme mwenyewe

Hii sekta ni ndogo, kila mtu anamuuzia mwenzake kitu. Unafanya kazi kampuni ya taka, shemeji yako ana mashine za kubana, wewe ni mshauri wa kampuni ya vinywaji, yote hayo hayakuzuii lakini yakijulikana kutoka kwa mtu mwingine yamekumaliza. Yaandike. Omba fomu ya kutangaza maslahi, kama hawana fomu hiyo pendekeza watengeneze, tayari umeshafanya kazi ya kwanza ya bodi. Na kama umeajiriwa, pata ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, kuna mikataba ya kazi inayokataza kukaa bodi nyingine hata kama hulipwi.

Kuna na upande wa pili: chama kinaweza kukutaka kwa sababu ya kampuni yako na sio wewe. Utajua tu, maswali yote yatakuwa kuhusu udhamini.

Hatua ya 8: Usaili

Mara nyingi ni dakika arobaini, watu watatu, simu ya video, mmoja kamera imezima. Watakuuliza kwa nini unataka, jibu fupi. Alafu litakuja swali lenye nyama. Mimi niliulizwa: soko la plastiki likisimama miezi mitatu utaishauri bodi nini?

Ulifikirie hili kabla maana linakuja kwa sura nyingi. Kuna wanaojibu haraka "tutahifadhi hadi bei irudi". Marobota yaliyorundikana ni hatari ya moto, bima inaweza kuwa na kikomo cha kiasi unachoruhusiwa kuweka, plastiki iliyokaa juani inachoka, maboksi yakinyeshewa yameisha. Wengine wanasema tuuze kwa hasara, sawa, kwa muda gani na kwa akiba ipi? Wengine wanasema tupunguze aina tunazopokea, na hapa ndo penye kazi ya bodi hasa maana lazima uende kwa wananchi uliowafundisha miaka mitano kwamba namba 6 inakubalika uwaambie sasa haikubaliki, watakasirika, baadhi wataacha kutenganisha kabisa. Lakini njia mbaya kuliko zote ni kuendelea kupokea kimyakimya na kupeleka dampo usiku. Likitoka hilo imani inakufa, na imani ndo malighafi ya kwanza ya chama cha urejelezaji, bila watu kutenganisha nyumbani hakuna robota. Mi nilijibu hivyohivyo kwa kujikwaa kwaa na nadhani hapo ndo nilipata kiti.

Swali lingine la mtego: wajumbe wenzako wanataka kuanza kukusanya vioo, hesabu zako zinasema hapana, unafanyaje? Wanataka kujua kama unaweza kushindwa kura na bado ukatetea uamuzi wa bodi nje ya chumba. Kama huwezi, kweli usiombe.

Na wewe uliza. Vikao vingapi kwa mwaka na makabrasha yanakuja siku ngapi kabla? Mjumbe anatarajiwa kuchangia au kutafuta pesa? Kuna bima ya kuwalinda viongozi wakishtakiwa? Mjumbe wa mwisho kuondoka kabla ya muda aliondoka kwa nini? Hilo la mwisho uliza kwa upole alafu nyamaza, waache wajaze ukimya wenyewe.

Hatua ya 9: Kura

Kama ni bodi inachagua, unasubiri tu. Kama ni mkutano mkuu, hakikisha mambo matatu ya kijinga ambayo yameangusha watu wazuri: ada yako imelipwa hadi tarehe hiyo, fomu ya uteuzi ina sahihi za wapendekezaji wanachama hai, na imefika kabla ya saa waliyosema. Niliwahi kuona mgombea mzuri kabisa anaondolewa kwa sababu mmoja wa waliompendekeza alikuwa hajalipa ada, yaani mtu mmoja, ada ya mwaka mmoja.

Ongea na wanachama mmoja mmoja kabla ya siku yenyewe. Ujumbe wa kutuma kwa grupu zima la WhatsApp haupigiwi kura na mtu. Jua akidi ni ngapi na kama wanaruhusu kumtuma mwingine akupigie kura, maana vyama vya kujitolea mkutano unaweza kuahirishwa kwa kukosa watu watatu.

Ukishindwa, mwandikie aliyeshinda, baki kwenye kamati, muulize mwenyekiti wa uteuzi ulipungukiwa wapi. Viti vya kujitolea vinaachwa katikati ya muda mara kwa mara, mtu anahama, mtu anajifungua, mtu anachoka, na bodi mara nyingi ina mamlaka ya kujaza hadi mkutano ujao. Nani watampigia simu? Yule ambaye bado anakuja.

Ukishapata

Vikao viwili vya kwanza uliza sana, pendekeza kidogo. Omba mkataba mkuu wa mauzo ya malighafi uusome wote, na cheti cha bima ya moto uone tarehe. Rudi kwenye mkanda siku moja kila mwaka.

Kama umepewa uweka hazina au uenyekiti, kitu cha kwanza kabisa ni saini za benki, zibadilishwe wiki hiyohiyo pamoja na nywila za akaunti ya mtandaoni, na chukua nakala ya kumbukumbu za kikao zilizosainiwa zinazoonyesha umechaguliwa maana benki wataidai. Sisi mwaka mmoja tulimtafuta mweka hazina wa zamani miezi minne, alishahama, kwa ajili ya saini moja ya kulipia umeme wa mashine ya kubana, na miezi yote minne maboksi yalikaa nje bila kufungwa, mvua inanyesha.